Kujua na Kujua: Vitenzi vya Kihispania Vinavyotuchanganya



Wapendwa wasomaji, tangu tarehe 8 Mei 2025, Papa Leo XIV alipotoka kwenye roshani ya Basilika la Mtakatifu Petro na kulisalimia kwa Kihispania jimbo lake la zamani la Chiclayo, nchini Peru, wengi wametuuliza kuhusu lugha hiyo. Ndiyo lugha ya Mtakatifu Teresa wa Avila na Mtakatifu Yohane wa Msalaba, na Wakatoliki wengi sana duniani husali kwa lugha hiyo. Leo tunaangalia jambo linalowasumbua wanaoanza kujifunza: vitenzi vyenye maana zinazokaribiana. Tutaona kwamba mara nyingi Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko Kiingereza.

1. Pedir na preguntar

Padre mmoja mgeni kutoka Amerika ya Kusini alipotutembelea, mwenzetu alitaka baraka yake. Alitumia *preguntar*. Padre akatabasamu, akanyamaza, akasubiri swali. Swali halikuja, na baraka ikachelewa.

Kosa lilitoka wapi? Mwenzetu alipitia Kiingereza, ambako kitenzi *ask* kinabeba kazi zote mbili. Angefikiri kwa Kiswahili asingekosea. Sisi tuna *kuomba* na *kuuliza*, na hakuna mtoto wa Yakobi anayevichanganya. *Pedir* ni kuomba, *preguntar* ni kuuliza:

- *Pido la bendición*: naomba baraka.
- *Pregunto la hora*: nauliza saa.

2. Ser na estar

Vyote viwili hutafsiriwa *kuwa*. Wengi hufundishwa kwamba *ser* ni kwa mambo ya kudumu, na *estar* ni kwa mambo ya kupita. Kanuni hiyo haitoshi. Kwa Kihispania, marehemu *está muerto*, kwa kitenzi *estar*, ingawa kwa macho ya kibinadamu hakuna hali inayodumu kuliko kifo. Roma nayo *está en Italia*, na haijahama.

Tujaribu njia ya Kiswahili.

Kwanza, panapofaa *ni* kwa kueleza mtu au kitu ni nani, ni nini au ni cha wapi, tumia *ser*. *Soy de Yakobi*: mimi ni wa Yakobi.

Pili, panapofaa *-ko*, *-po* au *-mo*, tumia *estar*. *Estoy en Yakobi*: niko Yakobi. Hata tukio linafuata mkondo huu. Tunasema "Kanisa liko Yakobi", lakini "Misa ni kanisani". Kihispania vilevile: *La iglesia está en Yakobi*, lakini *La misa es en la iglesia*.

Tatu, panapofaa *-me-* ya hali iliyofikiwa, mara nyingi ni *estar*. Nimechoka: *estoy cansado*. Ameketi: *está sentado*. Amekufa: *está muerto*.

Chukua parachichi la hapa Njombe. *El aguacate es verde*: parachichi ni la kijani. *El aguacate está verde*: parachichi bado bichi, halijaiva. Ukikosea kitenzi sokoni, utarudi nyumbani na tunda lisilolika.

Angalizo: atakayesali Salamu Maria kwa Kihispania atakutana na *es* mahali ambapo kanuni hizi zingetaka *está*. Si kosa. Ni lugha ya kale iliyohifadhiwa katika sala, kama sisi tunavyosema *yu* tukisali, ilhali njiani tunasema *yuko*.

3. Saber na conocer

Hapa Kiswahili hakitubebi, maana *kujua* kwetu kunafanya kazi zote mbili. *Saber* ni kuwa na habari au ujuzi. Ukiweza kufuatisha "kwamba", "wapi", "lini" au kitenzi kingine, hicho ni *saber*. *Sé que hoy es domingo*: najua kwamba leo ni Jumapili. *Sé leer*: najua kusoma.

*Conocer* ni kufahamiana na mtu, au kuzoeana na mahali au kitu. *Conozco a María*: namfahamu Maria. *Conozco Njombe*: nimefika Njombe, naijua.

Jambo moja linaweza kuchukua vyote viwili. *Sé el Padrenuestro*: ninaijua Baba Yetu kwa kichwa. *Conozco el Padrenuestro*: sala hiyo si ngeni kwangu, hata kama nikianza kuisali nitakwama katikati.

Sisi wanafunzi wa falsafa kitenzi hiki kinatugusa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha njia tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo. Tukizielewa vizuri na kufaulu mtihani, tunaweza kusema *sé que Dios existe*. Je, tunaweza kusema pia *conozco a Dios*? Cha kwanza hupatikana darasani. Cha pili hakina mtihani wa kuandika. Bibi anayewahi jumuiya alfajiri ya baridi, rozari mkononi, huenda hajasikia jina la Thoma, lakini huyo anayeongea naye kila siku anamfahamu. Tusidharau *saber*, maana Kanisa linatutuma kusoma. Ila tukitoka seminari na hicho peke yake, tutawapa waamini habari za Mtu tusiyefahamiana naye.

Zoezi

Jaza kitenzi kinachofaa:

1. Tunaomba mvua: ______ lluvia.
2. Mtoto ameketi: El niño ______ sentado.
3. Mkutano ni nyumbani kwa Maria: La reunión ______ en casa de María.
4. Padre anaijua Roma: El padre ______ Roma.
5. Najua kuimba: ______ cantar.

Majibu: 1. *Pedimos*. 2. *está*. 3. *es*. 4. *conoce*. 5. *Sé*.

Aliyekosa la tatu asome tena sehemu ya pili. Tuombeane.