Kabla Hujamkabidhi Mtoto Fimbo ya Gofu

Kila baada ya miezi michache hutokea mtu mwenye nia njema, gari zuri na mfuko wa fimbo alizokwisha kuzichoka, akasema anataka kuwafunza vijana wa mtaani stadi za maisha kupitia gofu. Karibu. Nairobi ina pa kuanzia: uwanja wa Royal Nairobi, klabu iliyoanzishwa mwaka 1906, umepakana na Kibera, na wapo watoto waliokua wakiyatazama majani yake kutoka upande wa mabati bila kuyakanyaga hata siku moja. Ila kabla hujafungua buti la gari, soma haya.

Fika kabla yao. Ukisema saa mbili asubuhi, saa moja na nusu uwe uwanjani. Mtoto aliyezoea watu wazima wa kuahidi na kutotokea hatajifunza kutunza wakati kwa hotuba yako. Ukichelewa, omba radhi mbele ya wote, na usisingizie foleni ya Barabara ya Ngong.

Lisha kwanza. Mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane hivi, tena juani. Uji na yai vitangulie mkwaju wa kwanza. Usimhubirie uvumilivu mtu mwenye njaa. Anaujua kuliko wewe.

Usimwambie mtoto yeyote kwamba atakuwa Tiger Woods.

Usibandike maadili ukutani ukadhani umefundisha. Programu ya First Tee, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997, ilikuwa na maadili yake tisa, na wengi wetu tuliyanakili tukawa tunawakaririsha watoto kama jedwali la kuzidisha. Orodha haina kosa. Kosa ni kuitenga na uwanja. Heshima ni kusawazisha mchanga wa banka kabla ya kutoka, anayekuja nyuma asikute shimo la kiatu chako. Adabu ni kusimama tuli mwenzako anapopiga. Na kukubali hasara kuna saa yake: tangu mwaka 2019 sheria inampa mchezaji dakika tatu za kutafuta mpira uliopotea, ambapo zamani zilikuwa tano. Zikiisha, unarudi ulikopigia, unajiongezea mkwaju wa adhabu, unapiga tena. Shika saa mkononi. Usimwongezee hata sekunde kumi, hata akilia.

Mwachie kadi yake. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo programu nyingi zinapokosea kwa kumweka kocha awe karani. Gofu haina refa wa kukufuata na filimbi. Mwenzako anaandika alama zako, wewe unazihakiki na kutia sahihi, na kadi ikishakabidhiwa makosa yaliyomo ni yako. Muargentina Roberto De Vicenzo aliyaona hayo katika Masters ya 1968. Shimo la 17 alipiga mikwaju mitatu, mwenzake akaandika minne, naye akasaini bila kuikagua. Ile minne ikasimama, na kwa mkwaju huo mmoja akakosa nafasi ya kurudiana na Bob Goalby. Wasimulie kisa hicho vijana ambao kesho watawekewa mbele masharti ya mkopo wa simu au mkataba wa kibarua.

Kadi ikidanganya kwa upande wa pili, mtoto kaandika tano nawe umehesabu saba, usipayuke. Mimi nilipayuka mara moja, mbele ya wenzake wote. Kijana aliilaza fimbo chini taratibu, akaondoka, na hatukumwona tena. Siku hizi nasema tu, "Turudi tii, tuhesabu pamoja," tunalitembea shimo zima upya. Tukifika bankani, mwenyewe kashakumbuka ule wa pili uliobaki mchangani.

Fimbo tatu zinamtosha. Sheria inaruhusu 14. Hizo nyingine ziuze, ununue unga wa uji.

Usimwache getini. Zungumza mapema na kamati ya klabu, na askari wa lango pia, kisha upate kwa maandishi: mtoto anaingia kupitia wapi, anakunywa maji wapi, anatumia choo kipi. Papwa Sewgolum, kedi wa Durban mwenye asili ya Kihindi, alishinda Natal Open mwaka 1963 akakabidhiwa kombe lake nje, mvuani, kwa kuwa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini haukumruhusu kuingia klabuni. Ukiwagawia watoto soda chini ya mti huku wanachama wakiwatazama kutoka kwenye baraza, hakuna haja ya kuwaeleza chochote. Wameshaelewa.

Usiwafanye makedi wa bure. Ukedi ni kazi ya heshima na ina malipo yake. Kijana aliyekuja kujifunza, akabebeshwa mfuko wa rafiki wa mfadhili, hakufundishwa bidii. Katumikishwa.

Dai ripoti ya shule kila muhula, uisome. Calvin Peete, Mmarekani mweusi aliyeacha shule akavuna mboga mashambani Florida, alishika fimbo mara ya kwanza akiwa na miaka 23. Alifika kiwango cha kuichezea Marekani katika Ryder Cup, lakini ilimbidi kwanza afanye mtihani wa cheti cha sekondari, mtu mzima na mataji yake. Aliupasi, akacheza mwaka 1983 na 1985.

Usibaki peke yako na mtoto. Usimpe lifti peke yake, usimtumie ujumbe usiku, hata wa pongezi. Wasichana wawe na kocha wa kike, choo chenye maji, na pedi. Hapa hakuna mjadala.

Usimpige picha mtoto kwa ajili ya mabati yaliyo nyuma yake. Mpige anapopiga mpira, kwa idhini ya mzazi, au weka simu mfukoni.

Na mfadhili akijitoa, usiyeyuke. Jumamosi hiyo njoo mwenyewe saa moja na nusu kama kawaida, uwaambie kwa kinywa chako. Asiwe askari wa geti ndiye wa kuwapa habari.