Dondoo muhimu: Mgonjwa asiyeweza kusema

Aliyewekewa mpira wa kupumulia au aliyepigwa kiharusi huenda anakusikia vizuri, usimpigie kelele. Mvalishe miwani yake kwanza. Kisha kubalianeni: kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana. Uliza jambo mojamoja. “Unaumwa kichwa au unasikia baridi?” haijibiki kwa kope, “Unasikia baridi?” inajibika. Halafu subiri, hata ukimya ukikuchosha. Jean-Dominique Bauby, Mfaransa aliyepooza mwaka 1995, alitunga kitabu kizima kwa kupepesa jicho moja, herufi baada ya herufi.

Mwenye nguvu ya kidole mchoree kwenye kipande cha boksi: choo, blanketi, feni, nesi. Ishara zenu zibandikeni juu ya kitanda. Nesi wa zamu ya usiku hakuwepo mlipopatana.