Mafunzo Sita Niliyopata Baada ya Kufunguliwa Fuvu

Pikipiki ilinigonga kwenye barabara ya uwanja wa ndege, hapa hapa Pasiansi, Mwanza. Damu ikavilia ndani ya fuvu upande wa kushoto, madaktari wakanifungua kichwa kuitoa. Nilipona. Kila anayenipa pole humalizia kwa kusema, "Mshukuru Mungu, uko hai." Namshukuru. Haya sita ni kwa atakayepita njia hiyo, na kwa ndugu watakaomuuguza.

1. Kabla ya mfupa, kuna msuli. Weka vidole kwenye panja, kisha uma meno: kinachotutumka ni msuli wa kutafunia. Umetandazwa ubavuni mwa fuvu, hupita chini ya mfupa wa shavu na kushika taya. Daktari akitaka kufika kwenye ubongo kwa upande huo, lazima aukate au aubandue, kisha aushone tena. Njia ya panjani ilienezwa na Gazi Yaşargil, daktari mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Zurich, na hadi leo hutumika sana duniani.

2. Sura ya siku za mwanzo haidumu. Jicho langu lilivimba likafumba kabisa, na mama akaomba kioo kiondolewe. Uvimbe huo ni wa kawaida, huteremka toka kichwani hadi kwenye kope, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Usaha, homa, au majimaji yanayochuruzika kwenye mshono si kawaida: rudi hospitali siku hiyo hiyo.

3. Taya hukaza lisipozoezwa. Nilikuwa nakunywa uji na supu ya sato huku muhogo nikiutazama tu. Kipimo chepesi ni vidole vyako vitatu vilivyopangana: mdomo wenye afya huvipokea kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, mwone mtaalamu wa mazoezi tiba. Kufungua mdomo taratibu na kupeleka taya kulia na kushoto, daktari akisharuhusu, kunasaidia. Anayeogopa maumivu akaufunga mdomo hulipa baadaye.

4. Bonde la panjani huja watu wakishasahau. Msuli uliopungukiwa damu, uliojeruhiwa neva yake, au ulioshonwa ukalegea, husinyaa polepole kwa miezi. Kinyozi wangu wa Kirumba ndiye aliyeliona bonde langu kwanza. Si dalili kwamba ubongo umeharibika. Likikukera, linaweza kujazwa kwa mafuta ya mwili wako mwenyewe au kwa kipandikizi, ila subiri kwanza litulie.

5. Fuvu lisilorudishiwa mfupa ni habari nyingine. Ubongo ukivimba sana, daktari huuacha mfupa nje hadi upasuaji wa pili. Hapo kichwa hubonyea kwa sababu hakuna ngao. Mwenye kichwa hicho asipande bodaboda na ajilinde asianguke. Akipata maumivu ya kichwa kila anapoinuka, au mkono ukilegea, apelekwe hospitali.

6. Kuuliza juu ya sura si kiburi. Neva inayoinua nyusi hupita mbele ya sikio. Ikivutwa, nyusi huweza kuinuka tena baada ya miezi. Ikikatwa, huenda zisiinuke tena. Upasuaji ukiwa wa kupangwa, mgonjwa ana haki ya kuuliza: mkato utajificha ndani ya nywele? Msuli utarudishwaje? Nikiwa na asili ya makovu yanayovimba, mtafanyaje? Mwanza ina hospitali ya Bugando, Dar es Salaam ina taasisi ya mifupa na ubongo ya MOI, na maswali haya si mageni kwa madaktari wa ubongo.

Ndugu unayeuguza, shukuru pamoja na mgonjwa wako, kisha muulize kama anaweza kutafuna. Akisema hawezi, usimwambie avumilie. Mpeleke kliniki.