Ubaridi na Ukali wa Zabibu: Somo la Kuonja, Kutoka Bigwa Hadi Chablis

Bigwa ipo upande wa mashariki wa mji wa Morogoro, mahali ambapo njia ya kwenda Matombo na Kisaki huiacha barabara ya Dar es Salaam na kuambaa na milima ya Uluguru. Mwinuko wa hapo ni mita 500 na ushei kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo milima hupanda kwa ghafula hadi kilele cha Bondwa, chenye urefu wa mita zipatazo 2,100. Chini huiva maembe, mafenesi na machungwa. Juu, katika tarafa ya Mgeta, wakulima hupanda kabichi, karoti na mapichesi, mimea isiyostawi vyema katika joto la bondeni. Milima hiyo peke yake yatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba joto ndilo linaloamua mmea gani uote wapi.

Lakini joto lina kazi nyingine isiyoonekana kwa macho: hubadili ladha ya tunda lenyewe. Mfano mmoja uliochunguzwa sana duniani ni ule wa Chardonnay, zabibu ya kutengenezea mvinyo mweupe. Ikiota penye baridi hutoa mvinyo mkali kama ndimu. Ikiota penye joto, mvinyo wake huwa laini, wenye harufu ya nanasi na embe bivu. Makala haya yanaeleza sababu ya tofauti hiyo, namna mwonjaji anavyoitambua, na kama mitelemko ya Uluguru ingefaa kwa zabibu hiyo.

ZABIBU NA MAHALI PAKE

Asili ya Chardonnay ni jimbo la Burgundy nchini Ufaransa. Mwaka 1999 wataalamu wa vinasaba walithibitisha kwamba zabibu hiyo ilizaliwa kutokana na kuchavushana kwa zabibu mbili: Pinot, iliyothaminiwa tangu zamani, na Gouais Blanc, iliyodharauliwa na kuachiwa wakulima wadogo. Hivyo mtoto mwenye sifa kubwa alikuwa na mzazi mmoja asiye na sifa yoyote.

Chardonnay yenyewe haina harufu kali ya asili. Kwa sababu hiyo hudhihirisha upesi hali ya mahali ilipoota na kazi ya mikono iliyoitengeneza. Sehemu mashuhuri ya Chardonnay ya baridi ni Chablis, kaskazini mwa Burgundy, kwenye udongo wa chokaa, ambako barafu ya majira ya kuchipua huweza kuunguza machipukizi.

Barani Afrika pia upo mfano. Mwaka 1975 Tim Hamilton Russell alinunua ardhi katika bonde la Hemel-en-Aarde, karibu na mji wa Hermanus, Afrika Kusini. Alikuwa akitafuta mahali pa baridi kuliko mashamba mengi ya mizabibu ya nchi hiyo. Ubaridi wa bonde hilo hauletwi na mwinuko, bali na pepo zitokazo baharini. Shamba hilo la familia, ambalo baadaye liliendeshwa na mwanawe Anthony, limejulikana kwa zabibu mbili tu: Pinot Noir na Chardonnay.

ASIDI MBILI NDANI YA TUNDA MOJA

Ukali wa zabibu, yaani uchachu wake, hutokana hasa na asidi mbili. Ya kwanza ni asidi ya tartariki, ambayo haipatikani kwa wingi katika matunda mengi mengine. Ya pili ni asidi ya maliki, ile ile iliyomo katika tufaa bichi.

Zabibu ni kitu hai, nayo hupumua. Inapoanza kuiva, sukari huingia kutoka kwenye majani, na wakati huo huo tunda hutumia asidi ya maliki kama kuni za kupatia nguvu. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo kuni hizo zinavyoteketea haraka. Asidi ya tartariki haiteketei kwa urahisi namna hiyo. Basi penye joto kali sukari hupanda upesi na asidi ya maliki hupungua upesi. Penye baridi, hasa usiku, moto huo hufifia na asidi hubaki.

Hata hivyo, baridi ikizidi mno tunda haliivi kabisa. Kwa kawaida mzabibu hukua pale wastani wa joto la siku unapopita nyuzi 10 za Sentigredi. Mwaka 1944 wataalamu wawili wa California, Amerine na Winkler, waliutumia ukweli huo kuyagawa maeneo ya mizabibu: walijumlisha nyuzi zote zilizozidi kiwango hicho katika msimu wa kukua. Chardonnay ya nchi baridi hutoka mahali ambapo wastani wa joto la msimu huo ni kama nyuzi 14 hadi 16. Ni mahali pembamba, kati ya kutoiva na kuiva kupita kiasi.

KUTOKA JUISI HADI MVINYO

Zabibu zikikamuliwa, hamira hugeuza sukari yake kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Kwa hesabu ya kemia, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za alkoholi. Mtengenezaji hukadiria kwamba gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya juisi huzaa asilimia 1 ya alkoholi. Kwa kuwa zabibu za penye joto huwa na sukari nyingi zaidi, mvinyo wake aghalabu huwa na alkoholi nyingi zaidi.

Baada ya hapo mtengenezaji huchagua. Akiwaacha bakteria wafanye kazi, watageuza asidi ya maliki kuwa asidi ya laktiki, ambayo ni asidi ya maziwa ya mgando. Ukali hupungua, na huweza kutokea kemikali iitwayo diasetili, yenye harufu ya siagi. Akiuweka mvinyo katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni, utapata harufu kama ya vanila. Hivyo mwonjaji hana budi kutenganisha mambo mawili: yaliyoletwa na hali ya hewa na yaliyoletwa na mtu.

ULIMI, PUA NA MACHO

Ulimi hutambua ladha chache tu: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ya supu ya nyama iliyoelezwa na mtaalamu wa Kijapani Kikunae Ikeda mwaka 1908. Kile kinachoitwa ladha ya nanasi au ya ndimu, kwa sehemu kubwa, ni harufu inayopanda kutoka kinywani hadi puani kwa njia ya nyuma ya koo. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walitangaza ugunduzi wa jeni nyingi zinazohusika na vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 walipewa Tuzo ya Nobel.

Harufu ya nanasi katika mvinyo haimaanishi kwamba mtu ametia nanasi. Wakati wa kuchachuka hutokea kemikali za jamii ya esta, na baadhi yake ni zile zile zilizomo katika nanasi. Pua haidanganyiki, inatambua kitu kile kile kilichotoka mahali pawili.

Macho, kwa upande wake, huweza kuidanganya pua. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno yanayotumiwa kwa mvinyo mwekundu. Ndiyo maana kuonja kwa kweli hufanywa bila kujua kilichomo. Mjini Paris, tarehe 24 Mei 1976, waonjaji wa Kifaransa walionja kwa namna hiyo, na mvinyo mweupe walioupa alama nyingi kuliko yote ulikuwa Chardonnay ya mwaka 1973 ya Chateau Montelena kutoka California. Kama wangaliona vibandiko vya chupa, huenda hukumu ingalikuwa nyingine.

HATUA ZA KUONJA

Mtu mzima anayeonja Chardonnay hufuata utaratibu ufuatao:

1. Mvinyo uwe na nyuzi kama 10 hadi 13. Ukipoa mno, chembe za harufu haziruki. Ukipata joto, alkoholi hufunika mengine yote.
2. Atazame rangi mbele ya karatasi nyeupe. Manjano hafifu yenye ukijani huashiria ujana na mara nyingi baridi. Rangi ya dhahabu huashiria umri, pipa au joto.
3. Azungushe glasi na kunusa, kisha aandike jina la kitu anachokijua: ndimu, tufaa bichi, embe, siagi.
4. Achukue funda dogo na kulizungusha kinywani. Mate yakitiririka kwa wingi pembeni mwa ulimi, asidi ni nyingi. Koo likipata joto, alkoholi ni nyingi.
5. Ateme, kisha ahesabu muda ladha inaodumu.

Wataalamu hutema kwa sababu alkoholi huvuruga hukumu. Mvinyo mzuri wa nchi baridi hausifiwi kwa ukali peke yake. Unasifiwa pale ukali, utamu wa tunda na alkoholi vinapopatana, kimoja kisimshinde mwenzake.

JARIBIO LA DARASANI

Mwanafunzi hahitaji mvinyo ili ajifunze jambo hili, wala haruhusiwi kuunywa. Zabibu za sokoni, zilizoiva na zisizoiva sawasawa, zinatosha.

Kwanza, katika chumba cha kawaida na si katika maabara, mwanafunzi afumbe macho na kubana pua, kisha aonje juisi mbili na kuzieleza. Aachie pua na kuonja tena. Atakuwa amejionea kazi ya ulimi na kazi ya pua.

Pili, katika maabara, ambamo hakuna kuonja chochote, achukue mililita 10 za juisi kwa pipeti, aongeze maji safi na matone mawili ya fenolfthalini. Kwa bureti adondoshe hidroksidi ya sodiamu ya molari 0.1 hadi rangi ya waridi hafifu ibaki. Kwa kuwa molekuli moja ya asidi ya tartariki, yenye uzito wa 150, huhitaji molekuli mbili za hidroksidi, kila mililita 1 iliyotumika ni sawa na gramu 0.75 za asidi katika lita moja ya juisi. Zikitumika mililita 11, asidi ni gramu 8.25 kwa lita. Zikitumika 6, ni gramu 4.5. Kiasi cha kwanza chafanana na cha juisi ya nchi baridi, na cha pili chafanana na cha nchi ya joto.

Darasa likilinganisha vipimo hivyo na maelezo ya waonjaji, litaona kwamba ulimi uliozoezwa nao ni chombo cha kupimia.

JE, ULUGURU INGEFAA?

Mwanafunzi wa Bigwa atauliza: ikiwa baridi ndiyo siri, kwa nini mizabibu ya Chardonnay isipandwe milimani?

Hesabu ni hii. Wastani wa joto la mji wa Morogoro ni kama nyuzi 24 hadi 25. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ili kufikia nyuzi 15.5 hapana budi kupanda mita 1,500 zaidi, yaani kufika mita 2,000 na zaidi, karibu na kilele cha Bondwa.

Huko kuna baridi, lakini kuna mambo mengine matatu. Kwanza, mvua na ukungu ni vingi mno, na majani ya mzabibu yasiyokauka hushambuliwa na magonjwa ya ukungu. Pili, hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, wala siku ndefu za kiangazi, ambazo huko Chablis hufikia saa 16 za mwanga. Tatu, mwinuko huo ni msitu wa hifadhi, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Humo hutoka vijito vya mto Ruvu unaowapa maji wakazi wa Dar es Salaam. Kuufyeka msitu huo kwa ajili ya tunda lenye dalili zote za kuugua kungekuwa hasara juu ya hasara.

Wakulima wa Dodoma waliushughulikia mkasa huo kwa njia nyingine. Huko mwinuko ni kama mita 1,100, mvua ni haba na hewa ni kavu, kwa hiyo magonjwa ya ukungu hupungua. Mzabibu haulali, bali hupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Na kwa mvinyo mweupe hupandwa Chenin Blanc, zabibu ijulikanayo kwa kutunza asidi yake hata penye joto. Hawakuitafuta baridi isiyokuwepo. Walitumia mmea unaolingana na nchi yao.

Hilo ndilo fundisho la kisayansi la Chardonnay. Ladha yake ya ndimu ni kumbukumbu ya usiku wa baridi uliopita juu ya shamba fulani, nayo haihamishwi kwa kuhamisha kipandikizi. Vivyo hivyo pichesi la Mgeta na embe la Bigwa, kila moja lina kumbukumbu yake, nazo zaweza kupimwa kwa bureti na kwa ulimi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini asidi ya maliki hupungua haraka zaidi kuliko asidi ya tartariki penye joto?
2. Juisi moja ina pH 3.0 na nyingine pH 3.5. Ya kwanza ina ioni za hidrojeni mara ngapi zaidi?
3. Mililita 10 za juisi zimehitaji mililita 8.4 za hidroksidi ya sodiamu ya molari 0.1. Kokotoa asidi yake kwa lita.
4. Chagua tunda linalopatikana bondeni na milimani katika wilaya yako. Panga jaribio la kulinganisha ukali wake, na ueleze utakavyozuia macho yasiidanganye pua.