Mpira Ukishapigwa: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Softiboli Nakuru

1. Mpira wa chini usiudharau. Wasichana wengi ninaowafundisha walianzia kwenye raunda za shule ya msingi, na kila mmoja anataka mpira wake upae. Lakini uwanja wetu ni vumbi, changarawe na mashungi ya nyasi. Mpira hudunda vizuri mara mbili, mara ya tatu ukagonga kokoto na kumrukia mlinzi kifuani. Beisi za softiboli zimeachana mita 18.3 tu, si 27.4 kama za besiboli ya wakubwa. Mlinzi akiupapasa mpira kidogo, mkimbiaji keshafika. Ndiyo maana nasisitiza glavu iguse vumbi mapema. Kuinua mkono ni rahisi kuliko kuushusha wakati mpira uko tayari miguuni.

2. Hewa ya huku ni nyepesi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kuipita Denver kule Marekani, yenye mita 1,600 hivi. Huko mipira ilienda mbali mno, hadi mwaka 2002 timu ya besiboli ya huko, Colorado Rockies, wakaanza kuihifadhi kwenye chumba chenye unyevu. Sisi chumba hicho hatuna, basi walinzi wa nyuma wanarudi hatua kadhaa.

3. Mpira ulionyooka ndio ninaoupenda kuliko yote. Wapimaji wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani huuweka kati ya nyuzi 10 na 25 za mwinuko unapotoka kwenye gongo. Chini ya hapo ni wa chini, 25 hadi 50 ni wa juu, na ukizidi 50 unapanda tu na kushuka palepale. Mkimbiaji asiondoke kwa pupa: ukidakwa na kurushwa kwenye beisi yake kabla hajarudi, wametoka wawili kwa pigo moja.

4. Ule wa kupanda na kushuka, anayeutaka apaze sauti: "Wangu!" Beisi ya kwanza na ya pili zikiwa na watu, na hawajatoka wawili, mwamuzi humtoa mpigaji hata mpira usipodakwa, mradi mlinzi wa ndani angeudaka bila taabu. Wanafunzi hunung'unika kwamba ni uonevu, mpaka waelezwe kuwa bila sheria hiyo mlinzi mjanja angeudondosha makusudi awatoe wawili.

5. Kuugusisha tu mpira ufe mbele ya mpigaji kunafaa sana kwenye vumbi letu. Ila ukiwa na straiki mbili, acha: ukitoka nje ya mstari, hiyo ni ya tatu.