Mnyama Arukaye kwa Mikono

SWALI: Ni kweli kulikuwa na mijusi warukao, wazito kuliko mtu? Walipaaje, na wakitua walitembeaje?

JIBU: Walikuwako, ila tuwaondoe kwenye ukoo wa mijusi: terosauri ni binamu wa dinosaria. Bawa lao lilikuwa utando uliowambwa kutoka ubavuni hadi ncha ya kidole kimoja tu, cha nne, kilichorefuka kupita kiasi.

Wakitua, kidole hicho kilikunjwa juu, nao wakatembea kwa miguu na mikono. Hatukisii. Huko Crayssac, Ufaransa, tope la pwani la miaka milioni 150 hivi iliyopita limehifadhi alama zao: wayo mrefu mwembamba, na kando yake vidole vitatu vifupi vya mkono, vimeelekea pembeni.

Kupaa ndiko kulikowaumiza wataalamu vichwa. Terosauri Quetzalcoatlus, aliyegunduliwa Texas mwaka 1971, alifikisha kama mita 10 toka ncha ya bawa hadi ncha, na wengi humkadiria zaidi ya kilo 200. Ndege hujirusha kwa miguu. Huyu angetegemea miguu yake pekee, angebaki chini. Mimi nakubaliana na mtafiti Michael Habib: alijirusha kwa mikono, kwa misuli ileile ya kupigia mabawa. Anainama, miguu inasukuma, mikono inamalizia, bawa linakunjuka akiwa tayari hewani. Mifupa yenye uwazi ndani ilimpunguzia mzigo. Huko juu huenda aliweza kuelea kwenye hewa ya joto ipaayo, kama tumbusi.

Tendaguru, mkoani Lindi, nako kumepatikana mifupa ya terosauri, wadogo zaidi.