Mimu Husomwaje?

Picha ya utani yenye maneno, ile ambayo vijana huiita mimu, huingia kwenye grupu la WhatsApp, watu wanacheka, wanaitupa grupu jingine. Waulize wanachekea nini hasa, wengi watababaika. Sehemu kubwa ya utani imo vichwani mwao: mtengenezaji ameacha pengo kusudi, nao wamelijaza kwa wanayoyajua.

Anza na picha yenyewe. Mwaka 2015 Mhispania Antonio Guillem alipiga picha ya kijana anayetembea na mpenzi wake huku shingo kaigeuza nyuma, akimkodolea macho msichana mwenye nguo nyekundu aliyewapita. Ilikuwa picha ya biashara tu, ya kuuziwa watangazaji. Mwaka 2017 watani wakaidaka. Mbandike kijana neno "mimi", mpenzi wake "kodi ya nyumba", na yule mpita njia "simu mpya". Sentensi ya nini tena? Mahali alipo kila mmoja pameshasema yupi ana haki yake, yupi anatamanisha, na nani anayumba katikati. Hamisha maneno mawili tu, simu ikae kwa mpenzi na kodi kwa mpita njia, unapata kiumbe adimu mjini: mtu anayeitupa anasa kwa uchu wa kumlipa mwenye nyumba.

Lakini zipo mimu zisizofunguka kwa macho peke yake. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, mwanamume mmoja wa Kayole, Nairobi, alipigwa picha akila githeri kwenye mfuko wa plastiki huku amepanga foleni ya kura. Watu wakamkata, wakampachika kila mahali, hata katikati ya viongozi wa dunia, na jina la Githeri Man likamganda. Kwa asiyejua, huyo ni mtu anakula. Anayejua anaona mahindi na maharage, chakula cha shule za bweni na cha nyumba za kawaida, ambacho Watanzania wanakiita kande. Anakumbuka pia jinsi nchi ilivyokuwa roho juu siku ile, na bwana mkubwa anatafuna bila haraka. Baadaye Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani. Hata mfuko ule sasa una historia yake, maana marufuku ya mifuko ya plastiki Kenya ilianza tarehe 28 ya mwezi uleule.

Wakati mwingine rejea hupotea, picha ikabaki. Wanaomtumia mwigizaji Osita Iheme wa filamu ya Nigeria ya Aki na Ukwa ya mwaka 2002 kama sura ya mtoto mtundu, wengi hawajawahi kuiona filamu, wala hawajui kwamba alikuwa mtu mzima.

Halafu mtazame aliyeiweka, na saa aliyoiweka. Hapa wenye kanga walitutangulia zamani. Jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, ni lilelile kwa wote walioinunua, ila ikivaliwa siku ya ugomvi kupita mbele ya mlango wa jirani, kila mtu anajua kijembe kinakwenda wapi. Akiulizwa, mvaaji hujibu kwamba amevaa nguo tu. Mimu kwenye status hufanya kazi hiyohiyo, na jibu lake ni "natania bwana".

Jibu hilo ndilo linalotumika pia kupitishia uongo. Kabla ya kutuma, kiondoe kichekesho uone kinachobaki. Ikibaki hali ya maisha, kodi na simu, tuma. Likibaki dai, kwamba fulani kafariki, kwamba mgombea kasema hivi, kwamba bei imepanda, hilo linahitaji ushahidi kama habari nyingine yoyote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zote zilitungwa zikiwa na vifungu vya kuadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Kuikagua picha si kazi kubwa: ipitishe kwenye Google Lens, kisha tafuta mahali ilipoonekana mapema zaidi. Ukiikuta picha inayodaiwa kuwa ya mafuriko ya jana Jangwani, Dar es Salaam, ilishachapishwa miaka mitano iliyopita katika nchi nyingine, basi mafuriko hayo si ya Jangwani, wala si ya jana.